Mawazo yapo, ruhusa ndo haipo: ubunifu kwenye NGO za Uganda

Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilipiga stopu miradi ya majaribio ya afya kwa simu. Simu zenyewe hazikuwa na kosa, ila miradi ilikuwa imezidi. Huyu anatuma meseji za kuwakumbusha wajawazito kliniki, yule anakusanya data za malaria, mwingine anahesabu dawa stoo, wote kwa wakati mmoja na mara nyingi kwa wahudumu walewale wa afya, na hakuna mfumo uliokuwa unaongea na mwenzake. Kila dona alikuwa na pailoti yake, na pailoti ikiisha hela imeisha, simu zinabaki kwenye droo na muuguzi anasubiri mradi mwingine uje na simu nyingine.

Naanza na hilo kwa sababu kila nikisikia mtu anasema NGO zetu hazina ubunifu huwa najiuliza anaongelea Uganda ipi. Nchi ambayo serikali ilibidi iyafungie mawazo mapya kwa muda haiwezi kuwa na uhaba wa mawazo. Zunguka mitaa ya Kampala, Ntinda, Muyenga, Kansanga, ingia geti lolote lenye kibao cha shirika, mapokezi utakuta neno ubunifu limebandikwa ukutani karibu na uadilifu na uwajibikaji, na ndani yumo kijana mwenye cheo cha afisa ubunifu, laptopu imejaa stika. Mawazo tunayo. Kinachokosekana ni kitu kingine: nani ndani ya shirika anaweza kusema "hii haifanyi kazi, tubadilishe" katikati ya mwaka, asifukuzwe, na hela ikamfuata kule anakotaka kuelekea. Kwangu mimi uwezo wa kubuni ni huo, mengine yote ni mapambo.

Tazama iliyobaki hai kutoka kipindi kile. mTrac kwa mfano, ule mfumo wa vituo vya afya kutuma ripoti ya magonjwa ya kila wiki kwa meseji. Hakuna maajabu pale, simu ya tochi inatosha. Ila ilikaa juu ya fomu ambayo vituo vilikuwa vinatakiwa kuijaza hata hivyo, na wizara yenyewe ndo iliyokuwa inazitaka zile namba, kwa hiyo mfumo ulizaliwa una mwenyewe. U-Report ya UNICEF nayo ilianzia hapahapa mwaka 2011, vijana wanaulizwa maswali kwa meseji na wanajibu bure, na leo iko nchi kibao. Lakini hizo zilikuwa na jina kubwa nyuma yake na hela isiyokatika ghafla. Kashirika ka Kasese au Arua hata kama kalikuwa na wazo zuri zaidi mwaka ule, tungekajulia wapi?

Na historia hii haikuanza na simu. Turudi 1987. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitali ya Mulago, mume wake Christopher akaugua UKIMWI akiwa masomoni Uingereza na akafariki Januari mwaka huo. Kule Uingereza mama huyu aliona wahudumu wanamshika mgonjwa, wanakaa naye, wanaongea naye kama mtu. Nyumbani akakuta woga, watu hawataki hata kusogea. Mwaka huohuo yeye na wenzake, jumla watu 16, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe au wamefiwa, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, hazikuwepo. Sasa walibuni nini kama dawa hakuna? Walibuni kumkalisha mtu na kumsikiliza, kumfuata mgonjwa nyumbani kwake, kuwafundisha ndugu namna ya kumhudumia bila kumuogopa, vikundi vya nyimbo na maigizo ambapo wagonjwa wenyewe wanasimama mbele za watu na kusema mimi ninao na bado niko hai. Leo yanaonekana ya kawaida mpaka mtu anauliza ubunifu uko wapi hapo. Kumbuka tu kwamba Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989 kuwa ana virusi nchi nzima ilitikisika, na yule alikuwa mwanamuziki staa, sasa mama wa kawaida kutoka Kawempe je?

Pale mezani TASO hakukuwa na umbali kati ya anayeumwa na anayepanga. Hiyo ndo rasilimali waliyokuwa nayo, na haimo kwenye fomu yoyote ya kuombea hela niliyowahi kuiona.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Hospice Africa Uganda. Dkt. Anne Merriman, aliyetutoka Mei 2025, aliianzisha mwaka 1993 hapa Kampala. Shida ilikuwa wagonjwa wa saratani wanakufa kwa maumivu makali huku dawa za maumivu za kisasa ziko bei mbaya au hazipo kabisa. Wakatengeneza morphine ya maji: unga wa morphine, maji, kihifadhi, rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa, inatiwa kwenye chupa ya plastiki, mgonjwa anakunywa akiwa kwake nyumbani. Rahisi na bei ndogo. Watu wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo kwenye chupa, kwa sababu chupa inapigika picha. Mimi naona chupa ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kwamba wa kuandika morphine ni daktari, na madaktari vijijini wako wapi? Aliyeko kijijini ni muuguzi. Kwa hiyo ikabidi kufundisha wauguzi, kuzunguka wizarani, kuwatoa hofu polisi na maafisa wa dawa kwamba nchi haitajaa mateja, kuzunguka tena, mpaka mwaka 2004 sheria ikabadilishwa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, wakaruhusiwa kuandika morphine, jambo ambalo wakati ule nchi nyingine zilikuwa hazithubutu. Baadaye serikali ikakubali morphine iwafikie wagonjwa bure.

Toka 1993 mpaka 2004 ni miaka 11. Mradi wa miaka mitatu ungekuwa umeshafungwa mara tatu na zaidi, na kila ripoti ya mwisho ingeandika kwamba lengo la kisera halikufikiwa, na aliyesimamia angekuwa ameshahamia shirika lingine. Sijui kama leo wangepata wa kuwavumilia namna hiyo.

Hapa ndo twende kwenye hela, manake tunapenda kuongelea ubunifu kana kwamba ni suala la akili na moyo wakati sehemu kubwa ni suala la uhasibu. Tuseme una mradi wa bustani za mboga Kyaka II, makazi ya wakimbizi kule Kyegegwa. Kwenye andiko la kuombea hela mlisema mtafanya mafunzo, usafiri wa wawezeshaji, chakula cha mchana, mabango. Mwezi wa pili wakina mama wanakwambia wazi, kulima tunajua, wengine tumelima Kivu kule Kongo maisha yetu yote, shida ni maji. Wewe umeelewa, na timu yako imeelewa. Hela ipo, imekaa kwenye laini ya mafunzo ndani ya bajeti. Kuihamishia kwenye matenki unahitaji kibali, meneja wa mradi anamwandikia mkubwa wa Kampala, Kampala inaandikia Nairobi, Nairobi inaandikia Washington au London, kule mtu wa mikataba yuko likizo, akirudi anauliza je hii inabadilisha viashiria vya kwenye logifremu, lile jedwali la malengo ya mradi, mnaanza kuandika maelezo, na mvua za Machi mpaka Mei zimeshapita zikiwa hazijakingwa hata ndoo moja. Ukifika Agosti unaambiwa kasi yenu ya kutumia hela iko chini, mtaonekana hamna uwezo. Basi mnaitisha warsha ya siku tatu hoteli ya Entebbe ili laini ya mafunzo iishe.

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye hizi ofisi anaijua hiyo warsha. Shirika linalokwambia halina shilingi laki tano za kujaribu kitu kipya ndo hilohilo linamaliza mamilioni kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Hela ipo, ila imefungwa kamba. Ni kama kumpa mtu boda halafu ukamkataza kukata kona, halafu akigonga ukuta unamwandikia pendekezo kwamba ajengewe uwezo.

Halafu kuna zile gharama za uendeshaji. Sheria za Marekani kwa miaka kama kumi hivi zilisema shirika linalopokea hela zao, kama halina kiwango lilichokubaliana na serikali, lidai mpaka 10% juu ya hela za mradi kulipia gharama ambazo si za mradi moja kwa moja, na Oktoba 2024 ndo ikapanda kuwa 15%. Humo ndani ya hiyo asilimia weka kodi ya ofisi, mhasibu, umeme, intaneti, ukaguzi wa mahesabu, na kama kuna mtu anapaswa kukaa chini na kufikiria naye yumo humo. Na hao walikuwa na bahati, wafadhili wengine hawataki kusikia kabisa, wanataka kila shilingi iende kwa mlengwa. Inapendeza kusikika. Lakini kampuni ya soda gharama ya kujaribu ladha mpya ameshailipa mnywaji ndani ya bei ya chupa, wakati shirika la kuhudumia watoto linatakiwa lijifanye kwamba kufikiri hakugharimu kitu. Matokeo yake watu wanafikiri usiku, bure, na baada ya miaka miwili wanachoka na kuhamia UN.

Haya, tusiwaonee wafadhili. Ukali wao haukutoka hewani. Agosti 2005 Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, TB na malaria, ilisimamisha misaada yake yote Uganda kwa sababu ya hela kusimamiwa vibaya. Mwaka 2012 hela za kuijenga upya kaskazini baada ya vita ziliibwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu, Ireland, Norway, Sweden na Denmark wakafunga bomba. 2018 ikaja ya idadi ya wakimbizi, hesabu ilikuwa inasema kama milioni 1.4, walipohakiki kwa alama za vidole ikashuka kama milioni 1.1. Utasema hizo ni ofisi za serikali, NGO zinahusikaje? Haya, na NGO za kwenye begi tunazijua sote, mkurugenzi, mke wake, muhuri na akaunti ya benki. Dona aliyechomwa namna hiyo akitaka risiti usimshangae.

Shida yangu ni mahali ukali ulipowekwa. Tumejenga mfumo unaokagua kilichoingia na kufumba macho kwa kilichotoka. Unaweza kuthibitisha kwa karatasi kwamba watu 40 walikula chakula cha mchana, sahihi 40, namba za simu 40, risiti ya mama ntilie yenye muhuri, ila huwezi kuthibitisha kwamba hata mmoja aliondoka pale na kitu kichwani. Na watu si wajinga, ukiwapima kwa risiti watakuletea risiti.

Inawezekana kubana sehemu nyingine. BRAC, shirika la Bangladesh lililoanzishwa 1972 na Fazle Hasan Abed, kuanzia 1980 ilifanya kazi ya miaka kumi ya kuwafundisha akina mama nyumba kwa nyumba kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: chumvi, sukari guru, maji, unapima kwa vidole na kiganja. Walifika nyumba zaidi ya milioni 12. Kilichonivutia ni malipo. Mfundishaji hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya muda watu wengine walirudi kwa baadhi ya wale akina mama, wakawauliza na kuwaambia hebu tengeneza tuone, na mshahara wa mfundishaji ukategemea mama amekumbuka kiasi gani. Sasa ona hii inafanya nini: ukishabana kwenye matokeo unaweza kulegeza kwenye njia, mfundishaji akiamua kuimba, kuchora, kumkalisha bibi mwenye nyumba na kumshawishi yeye kwanza, shauri yake. Na walipogundua akina mama wanajua kutengeneza ila wengi hawatumii mtoto akiugua, wakaenda kutafuta kwa nini, wakakuta baadhi ya wafundishaji wenyewe hawaamini hayo maji, na wanaume majumbani hawakushirikishwa. Wakabadilisha mafunzo, wakaanza kuongea na wanaume pia. Habari mbaya ilitumika kubadilisha kazi, ndo siri yenyewe.

BRAC iko Uganda tangu 2006, na pamoja na shirika la Living Goods waliweka wahamasishaji wa afya vijijini, wanaopita nyumba kwa nyumba na kuuza dawa za bei nafuu, sabuni na vitu kama hivyo wakipata faida kidogo. Watafiti wakaupima mpango huo kwenye vijiji 214 na kukuta vifo vya watoto chini ya miaka 5 vimepungua kwa 27%. Unaweza kubishana kuhusu kumuuzia maskini dawa, mimi mwenyewe nina maswali yangu hapo, lakini walikuwa na kitu cha kubishania. Pailoti nyingi za Kampala hazikupi hata hicho, zinakupa kabrasha la rangi na picha ya mtoto anacheka.

Sasa kuna jambo ambalo sisi tunaosoma Kiswahili Uganda tunalijua vizuri kuliko wanaoandika mipango mkakati. Nenda Nakivale, makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayejua mradi unakwama wapi ni mkalimani. Yeye ndo anasikia mama wa Kikongo anavyosema kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba ile siku mliyoweka ya kugawa vocha ndo siku ya soko, na yeye ndo anayetafsiri kwa Kiingereza cha adabu kuwa "walengwa wanashukuru". Anapunguza makali kwa sababu mkataba wake ni wa muda mfupi na ametumwa kutafsiri, hakutumwa kushauri. Baada ya hapo maneno yanapanda ngazi, msaidizi wa fildi, afisa, meneja, na kila ngazi yanazidi kulainika mpaka yakifika Kampala yamekuwa asilimia 87 wameridhika (hiyo namba nimeitunga, lakini nani hajawahi kuiona?). Dereva naye anajua. Wale wa VHT, wahudumu wa afya wa kijiji wanaojitolea, wanajua nyumba gani neti imegeuzwa uzio wa kuku na kwa nini. Hao wote hawaalikwi kwenye kikao cha ubunifu. Kikao ni Kiingereza tupu, kina kahawa na karatasi za kubandika za rangi rangi, na anayeongoza ametoka Nairobi asubuhi hiyohiyo.

Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima mashuleni, ila fomu ya maoni iliyoko kwenye sanduku la maoni bado ni Kiingereza. Shirika linalotaka kubuni lingeanza na hilo tu, gharama yake ni karatasi.

Na wako ambao hawana hiyo ngazi ndefu. Kyangwali mwaka 2005 vijana wakimbizi walianzisha CIYOTA, wakalima mashamba wao wenyewe ili kupata karo ya wenzao. Kampala mwaka 2007 Wakongo wakaanzisha YARID, mpira kwanza, halafu Kiingereza, kushona, kompyuta, kulingana na watu walivyokuwa wanahitaji. Mashirika ya wakimbizi namna hii yanabadilika haraka kwa sababu anayeona tatizo na anayeamua wanakaa mtaa mmoja. Ruhusa wanayo, hela ndo hawana. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana kwamba mpaka 2020 robo ya hela za misaada ya dharura, yaani 25%, ziende kwa mashirika ya ndani ya nchi. 2020 ilifika na hawakukaribia. Hela inapitia kwa shirika kubwa, kubwa linamkodi dogo kama fundi wa kibarua, na kibarua anapewa ramani ya nyumba ikiwa imeshachorwa. Huyu ndo mtu uliyemfuata kwa sababu ya ubunifu wake, halafu unampa logifremu yako.

Serikali nayo ina mkono wake humu, nisijifanye sioni. Kwa sheria ya NGO ya 2016 huwezi kufanya kazi wilaya yoyote bila kibali cha kamati ya wilaya na makubaliano na serikali ya pale. Kwa karatasi inaeleweka, wilaya inataka kujua nani yuko kwake. Kwa vitendo ina maana ukigundua wazo lako lingefaa zaidi wilaya ya jirani, unaanza upya kutafuta sahihi. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mpigo, mengine kwa makosa ya karatasi kama kutopeleka mahesabu au kibali kuisha muda, na 2024 ofisi ya serikali inayosimamia NGO ikaingizwa moja kwa moja ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkurugenzi mwenye akili akisoma hali hiyo anajifunza kufanya kile kilichoandikwa kwenye kibali, neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka. Siwezi kumlaumu.

Halafu ikaja 2025. Januari 20 Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, barua za acheni kazi zikaanza kumiminika, na Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Mei mwaka huo WFP, shirika la chakula la UN, ikawatoa wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye mgao wa chakula kwa kukosa hela. Tangu hapo kila mkutano unaanza na sentensi ileile, sasa ni wakati wa ubunifu. Mimi hiyo sentensi inanikera kidogo. Mashirika yalipokata watu walianza na wale wa ufuatiliaji na tathmini, wa utafiti, wa kujifunza, kwa sababu hao hawashiki sindano wala hawagawi unga. Yaani kwanza umetoa macho, halafu unaambiwa tafuta njia mpya.

Mtu anaweza kunijibu na kliniki za HIV. Mwanzoni mwa 2025 wizara iliagiza kliniki za pekee za HIV na TB ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilizungumza kwa miaka. Kumbe shida inaleta mabadiliko! Ni kweli, ilileta. Lakini wazo lilikuwepo zamani, kilichokuwa kimekosekana ni ruhusa, na ruhusa ilikuja kwa mshtuko, bila muda wa kumwandaa muuguzi wa mapokezi wala wa kumuuliza mgonjwa ambaye miaka yote amezoea kona yake ya faragha. Ungeweza kulijaribu wilaya mbili mwaka 2019, taratibu, ukaona wapi panavuja. Nadhani hapo ndo gharama ya kutokuwa na ruhusa inaonekana waziwazi, kwamba mabadiliko hayazuiliki, yanachelewa tu halafu yanakuja kama mafuriko.

Kama nataka kuona shirika lenye uwezo wa kubuni Uganda leo, mimi siendi Muyenga. Naenda kwenye kikundi cha akiba na mikopo chini ya mwembe, wale wa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mpango huu shirika la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991 na wanawake wa Maradi, na umesambaa Afrika nzima, Uganda hukosi kijiji chenye kikundi. Watu husifia sanduku. Mimi nasifia kile kikao cha mwisho wa mzunguko, wanagawana hela yote, sanduku linabaki tupu, halafu kabla ya kuanza tena wanakaa kuangalia katiba yao: hisa iwe shilingi ngapi, riba iwe ngapi, faini ya kuchelewa ipande au ifutwe, mfuko wa jamii usaidie misiba tu au na ugonjwa, na yule aliyetusumbua tuendelee naye au basi. Kila mwaka! Mama wa Yumbe ambaye hajui kusoma ana haki ya kubadilisha mpango wa taasisi yake kuliko kantri dairekta mwenye gari nyeupe yenye antena.

Kwa hiyo dona akiniuliza apime vipi uwezo wa shirika kubuni, asiombe orodha ya mawazo, atapewa, tena nzuri yenye rangi. Aulize mwaka jana mliacha kufanya nini, na nani aliamua kiachwe. Aulize msimamizi wa fildi anaweza kutumia kiasi gani bila kuomba Kampala. Kama jibu ni sifuri, basi hata huyo afisa ubunifu mrudishieni mama yake mapema. Na yeye dona ajiulize kama yuko tayari kusoma ripoti inayosema tumeshindwa bila kukata hela. Engineers Without Borders ya Kanada walikuwa wanatoa ripoti ya kila mwaka ya mambo waliyoshindwa, kuanzia 2008, na hawakufa. Hapa kwetu ukitoa hiyo ripoti kuna watatu watakaoisoma kwa makini, dona wako, mshindani wako, na ofisi ya kibali.

Sasa hivi upepo umehamia kwenye akili mnemba. Wito wa maandiko unatoka karibu kila mwezi, na kuna kazi nzuri ndani yake, Sunbird AI hapa Kampala wanashughulika na Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole ili mashine ielewe lugha za watu wetu, hiyo naiunga mkono kabisa. Ila naziona na zile nyingine, roboti ya kumjibu mjamzito, roboti ya kumshauri mkulima, roboti ya kumsikiliza mkimbizi, kila moja na dona wake, na muuguzi ni yuleyule wa 2012. Kabla hujaandika andiko lako muulize muuguzi huyo ripoti gani anaichukia zaidi kujaza, halafu muulize mhasibu wako nani atalipia seva mwezi wa 19, kama mradi ni wa miezi 18.